Mkwaju wa Pili: Niliyojifunza Uwanjani Kuhusu Fedha Zangu

Nilianza kubeba mfuko wa fimbo kwenye uwanja wa gofu wa hapa Tanga nikiwa na umri wa miaka 14. Sikuvutwa na mchezo wenyewe, nilivutwa na posho ya kedi, ambayo ilitosha kununua madaftari na kubakiza kidogo cha kumpa mama. Mzee niliyembebea mara nyingi zaidi alikuwa mstaafu wa bandari, mtu wa maneno machache, ambaye alipopiga mkwaju mbaya hakulaumu upepo wala nyasi. Alisimama kidogo, akanirudishia fimbo ndefu, akaomba fupi, kisha akautoa mpira kando hadi mahali pa wazi, hata kama kwa kufanya hivyo alikuwa hausogezi mbele. Siku moja nilimwuliza kwa adabu kwa nini asijaribu kuupitisha katikati ya miti kama wenzake walivyofanya. "Mwanangu," akanijibu, "mkwaju mbaya haujamfilisi mtu. Unaomfilisi ni ule unaofuata, anaoupiga kwa hasira."

Nilidhani anazungumzia gofu tu, na ilinichukua zaidi ya miaka ishirini, pamoja na pikipiki moja, kuelewa kwamba alikuwa akizungumzia hata mfuko wa suruali.

Kabla sijaendelea niseme kwamba najua wengi wetu tunauona mchezo huu kuwa wa wakubwa, na sikatai, maana fimbo ni ghali. Neno lenyewe kwa Kiswahili chetu lina maana nyingine kabisa: gofu ni jengo lililobomoka, kama yale ya Tongoni unayoyapita ukielekea Pangani. Ila nimeona pia magofu mapya mjini hapa, nyumba zilizoishia kwenye lenta kwa sababu mwenyewe alipoteza fedha mahali fulani, akakopa ili azirudishe, kisha akapoteza na zile za mkopo. Mimi nusura niwe mmoja wao.

Mwaka huo nilikuwa na akiba ya shilingi milioni 3 niliyoikusanya kwa miaka minne. Nikashawishika kununua machungwa Muheza na kuyapeleka Dar es Salaam. Biashara yenyewe si mbaya, wapo waliosomesha watoto kwa machungwa, lakini lori nililokodi liliharibika njiani na kukaa siku tatu juani, na mzigo ulipofika sokoni zaidi ya nusu ulikuwa wa kutupa. Nikarudi na shilingi laki 7. Huo ulikuwa mkwaju wangu mbaya, na laiti ningeishia hapo, leo ningekuwa nauhadithia kama kisa cha kuchekesha.

Sikuishia hapo. Nilimwonea haya mke wangu, nikawaonea haya hata wenzangu kazini ambao nilikuwa nimewatangazia faida kabla haijaingia. Nikaenda kwa wakopeshaji wa aina ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu, nikachukua milioni 2 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, nikaacha kadi ya pikipiki yangu kama dhamana, nikanunua machungwa mengine. Safari hii lori lilifika salama, ila msimu ulikuwa umekolea, kila mtu ameleta mzigo, na bei imeanguka. Kwa miezi minne nililipa riba ya laki 4 kila mwezi, jumla milioni moja na laki 6, na deni lenyewe la milioni 2 lilikuwa bado limesimama vilevile.

Ukitaka kuona jambo hilohilo likitendeka mbele ya macho ya dunia, itazame siku ya mwisho ya mashindano ya wazi ya Uingereza ya mwaka 1999, yaliyofanyika Carnoustie, Uskochi. Mfaransa Jean van de Velde alifika kwenye shimo la mwisho akiwa anaongoza kwa mikwaju mitatu (kwenye gofu, mwenye mikwaju michache ndiye mshindi). Angeweza kutumia mikwaju sita katika shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne na bado akaondoka na kombe. Mpira wake wa kwanza ulikwenda kombo kulia, lakini ulitua mahali salama, na njia ya busara ilikuwa kuchukua fimbo fupi, kuuweka mpira kabla ya kijito, na kumaliza taratibu. Yeye akachukua fimbo ya kupiga mbali ili aufikishe mwisho kwa pigo moja. Mpira uligonga jukwaa la watazamaji, ukadunda kwenye ukuta wa mawe wa kile kijito, ukarudi nyuma ndani ya nyasi ndefu. Kutoka huko akaupiga ukaingia majini. Akavua viatu na soksi, akateremka ndani ya kijito akifikiria kuupiga humohumo, kabla ya kukubali adhabu na kuutoa. Alimaliza kwa mikwaju saba, akaingia kwenye mchujo wa watu watatu, na kombe likaenda kwa Mskochi Paul Lawrie. Kila nikitazama picha yake amesimama ndani ya maji, suruali ameikunja hadi magotini, najiona mimi nikihesabu machungwa.

Kanuni za gofu zina dawa ya hali hiyo, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mpira ukikwama mahali pasipopigika, chini ya kichaka tuseme, mchezaji anaruhusiwa kuutangaza kuwa haupigiki, akajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu, na kuudondosha upya ndani ya urefu wa fimbo mbili, bila kulisogelea shimo. Mwenye haki ya kutangaza hivyo ni mchezaji mwenyewe. Mwamuzi hawezi kumtangazia, kedi hawezi, mpinzani hawezi. Na ndivyo ilivyo kwa biashara iliyokufa: ndugu watanong'ona, mke atanyamaza, lakini hakuna atakayekutangazia kwamba imekufa. Mwezi wa tano wa deni nilikwenda kwa mkopeshaji tukakubaliana niiuze pikipiki mbele yake. Nilipata milioni moja na laki 8, nikaongezea laki 2 za mshahara, nikamaliza. Kwa mwaka mzima baada ya hapo nilikwenda kazini kwa baiskeli, jambo ambalo hapa Tanga, ashukuriwe Mungu, halimshangazi mtu.

Tangu hapo nimejiwekea kikomo kabla ya kuingia popote. Kanuni mpya za mwaka 2019 zilipunguza muda wa kutafuta mpira uliopotea kutoka dakika tano hadi tatu. Zikipita, mpira umepotea hata ukiuona hatua mbili mbele yako. Nami huandika kwenye daftari, kabla ya kutoa hata shilingi, nitakubali kupoteza kiasi gani na hadi mwezi gani. Kikomo kinachowekwa baada ya hasara kuanza huwa kinasogea kila kukicha.

Upo pia mpira wa tahadhari. Ukishuku kwamba wa kwanza umepotea, unapiga wa pili hapohapo kabla ya kwenda kuutafuta, ili usije ukalazimika kurudi nyuma huku jua linazama. Kwangu mpira huo ni gharama za nyumbani za miezi mitatu, nilizoziweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Sikuziweka kwenye simu, maana fedha ya kwenye simu ni kama maandazi mezani, kila anayepita anamega. Kwenye mfuko huo fedha hutoka baada ya siku chache za kazi, na siku hizo chache zimeshaniponya mara mbili na tamaa yangu mwenyewe.

Kuhusu matumizi madogo sitasema mengi, kwa kuwa kila mshauri wa fedha huyasema. Nitataja hesabu moja tu. Uwanja wa mashimo 18 uliopangiwa mikwaju 72 humtarajia mchezaji atumie mikwaju miwili ya kusukuma mpira kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, katika kila shimo, yaani 36, nusu nzima ya mchezo, ilhali sifa zote huenda kwa anayepiga mbali. Mwezi nilioandika kila shilingi niliyotoa, nilikuta vocha, chai ya saa nne na michango ya harusi vimenila kuliko kodi ya nyumba.

Kuandika kwenyewe nako kuna kisa chake. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza shimo la 17 kwa mikwaju mitatu, mwenzake aliyekuwa akimwandikia kadi ya matokeo akaandika minne, naye akatia saini bila kuhakiki. Kanuni ilisema kilichosainiwa kimesainiwa. Akahesabiwa 66 badala ya 65, akakosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, aliyechukua ushindi. Na siku hiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, akitimiza miaka 45. Ninakisimulia kwa kila kijana anayekwenda kusaini mkataba wa mkopo. Mimi wangu niliusaini nikiwa nimesimama, kalamu ya kuazima, huku mtu mwingine nyuma yangu akisubiri zamu.

Sasa sichezi nje ya uwezo wangu. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilipotoa hati fungani ya kijani, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, nilinunua kidogo, kiasi ambacho mwenzangu mmoja alikicheka waziwazi. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka nami nimeielekeza kwenye ada. Yeye alikuwa na mpango wa kuizidi ndani ya miezi sita. Sikumwuliza umefikia wapi, kwa sababu bado tunasalimiana.

Juzi mpwa wangu alinijia jioni, pikipiki ameiegesha mlangoni, kadi yake mfukoni. "Mjomba, biashara ya dagaa imeyumba kidogo, nataka niongeze mtaji." Nilimwuliza kama mzigo wa kwanza ameshauandikia hasara yake. Akasema bado. Nikampa daftari na kalamu, nikamwambia aandike kwanza, kisha tule. Aliandika muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Aliondoka saa tatu usiku, kadi ingali mfukoni mwake.