Jibu: Kupiga magoti kwa wakwe Usukumani

Habari dada. Umeuliza kama ni lazima umpigie magoti mama mkwe huko Shinyanga, na wewe umekulia Dar hujazoea. Mimi nimeolewa Usukumani. Kabla ya safari mpigie simu wifi yako, siyo mchumba. Wanaume haya mambo hata hawayaoni. Muulize wake wa mashemeji wanafanyaje. Kwetu tunapiga goti tukisalimia wazee na tukiwanawisha mikono kabla ya kula, basi. Mabinti wa nyumbani nao wanapiga, kwa hiyo usidhani unadhalilishwa wewe mgeni. Vaa gauni pana au beba kanga, maana kwa sketi ya kubana utaumbuka. Kumpigia mume magoti kila akirudi kazini? Hilo nilikataa, na mama mkwe hajawahi kuniuliza.