Nikipiga magoti, maneno hayaji

SWALI: Shikamoo, Mama Mwinjilisti. Mume wangu ni dereva wa watalii hapa Moshi. Msimu uliopita ulipoisha kampuni ilimwambia akae nyumbani, "tutakupigia". Hadi leo kimya, na simu ikiita, hata akiwa shangazi tu, tunairukia wote wawili. Mimi nauza uji na maandazi stendi, ndicho tunachokula. Zamani nilikuwa mwombaji kweli. Sasa nikipiga magoti maneno hayaji, nabaki nawaza kodi ya nyumba. Jirani alinipeleka kwa mtumishi mmoja, akasema imani yangu ni ndogo, nipande mbegu ya shilingi elfu hamsini, ndani ya siku saba simu italia. Nimeshakopa kwenye kikoba, hela ninayo. Nipande? Au Mungu ameshaniacha?
Mama Wawili, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usipande. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hela ya mkopo haikai mkononi. Sadaka ni shukrani kwa ulichopewa. Hiyo elfu hamsini hukupewa, umeazimwa, na wenzako wanaisubiri pamoja na riba yake. Irudishe wiki hii.

Sasa tuje kwenye kuachwa. Yeremia 29:11 bila shaka unaujua: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Tumeuandika kwenye kalenda, kwenye kanga, mpaka kwenye vioo vya daladala. Wachache huisoma sura yote tangu juu. Ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, na kila mmoja anataka kujua atarudi lini.

Rudi nyuma sura moja umwone nabii Hanania. Anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu, mfalme na mateka wote watarudi. Yeremia akamjibu, "Amina, BWANA na atende hivi." Hapo ndipo ninapompendea mzee huyu. Naye alitamani iwe kweli! Ila haikuwa kweli. Barua inasema miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile walielewa kwamba watazikwa hukohuko ugenini, na ni humohumo, katikati ya habari nzito namna hiyo, ndimo lilimo neno la mawazo ya amani.

Na wakingoja wafanye nini? "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, waozeshe, wauombee mji walimo. Siku saba sizioni. Mimi nikisoma hapo naelewa kwamba kumtumaini Mungu ni pamoja na kuamka ukakanda unga wako, hali mwezi ujao huujui, ukamwachia yeye huo usioujua. Wewe unafanya hivyo kila alfajiri. Huyo aliyekuambia imani yako ni ndogo, sijui kama amewahi kuwasha jiko saa kumi usiku.

Maneno yasipokuja, azima ya wenzako. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na hakuna aliyemkemea mwimbaji. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, wala haikutolewa kwenye Biblia. Isome kwa sauti wakati mafuta yanapata moto. Ukichoka hata kusoma, yule baba katika Marko 9 alikuwa na maneno manne tu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto palepale.

Jambo moja hujaniambia: je, jumuiya yako wanajua? Nahisi hawajui. Sisi watu wa huku mlimani msiba tunautangaza, ila kodi ya nyumba tunaificha. Katika uinjilisti wangu nimeona mkungu wa ndizi ukinunuliwa mnadani baada ya ibada, ukarudishwa, ukauzwa tena, mwisho akapewa mama ambaye wiki ile alifungua mdomo kwenye jumuiya. Mwenye shida kama yake aliyekaa kimya benchi la nyuma aliondoka mikono mitupu. Hatukumnyima, hatukujua. Jumuiya ikikutana, sema. Machozi yakitoka yatoke, hutakuwa wa kwanza.

Na baba watoto asiendelee kuikodolea macho simu. Leseni anayo. Aulize kwenye magari ya mizigo, ya shule, hata kibarua cha siku moja. Wale wa kampuni wakimpigia akiwa barabarani, ataweka gari pembeni apokee.