Maswali na majibu: mbwa mchanga wa kuokota ndege waliopigwa na mwindaji

SWALI: Nina Labrador wa wiki 9. Nikimrushia soksi anaikimbilia na kuidaka, lakini haniletei. Anajificha nayo chini ya meza, na nikimfuata ndiyo anazidi kukimbia. Nianze na amri kwanza?

JIBU: Amri zingoje, wewe badilisha mahali. Tafuta korido nyembamba, funga milango yote, kisha keti sakafuni upande lilipo tandiko lake. Iviringishe soksi ikaze, isibaki ncha inayoning'inia, maana ataikanyaga au ataishika hapo na kuanza kuitikisa. Irushe mita 3 au 4. Akishaokota njia ya kurudi ni moja tu, nawe umekaa hapo hapo njiani.

Akifika usimnyang'anye. Mkune kifua na shingo, mwache ajivune na kitu chake mdomoni kwa sekunde kumi hivi, ndipo uweke kiganja chini ya taya na kukipokea taratibu. Mtoto anayenyang'anywa kila mara hujifunza kwamba kukukaribia ni kupoteza mali yake, na matokeo yake ni kuzungukazunguka mbali nawe au kubana kwa meno. Kumfukuza ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu kwake huo ni mchezo na mshindi ni yeye. Akitoroka, geuka ukimbie upande wa pili, atakufuata.

Mara 2 au 3 kwa siku zinatosha. Wengi huharibu hapa: mtoto amechangamka, mwenyewe naye kanogewa, anarusha mpaka mtoto analala chini na kuitafuna soksi. Siku hiyo amejifunza kwamba kuacha kazi katikati kunaruhusiwa. Weka soksi kabatini angali anaitamani.

Kumzuia akae asubiri kabla hajatumwa kunaweza kungoja mpaka miezi 5 au 6. Utulivu unafundishika hata akiwa mkubwa, lakini hamu uliyoizima mapema ni shida kuirudisha. Filimbi ndiyo ya kuanza leo: mipulizo mifupi ya haraka kila unapoweka bakuli la chakula chini. Mpulizo mmoja mrefu usiutumie ovyo, uhifadhi kwa amri ya kusimama na kukaa. Nunua filimbi mbili za sauti ile ile, kwani moja itapotea tu.

SWALI: Wangu ana miezi 4 na nusu. Alikuwa hodari, sasa anaangusha njiani kifurushi cha mazoezi, kile cha kurushwa badala ya ndege, na juzi kilikuwa na damu kidogo.

JIBU: Ni meno. Mfungue mdomo utaona ufizi umevimba. Acha kumrushia chochote mpaka meno ya kudumu yatoke, kwa kawaida karibu na miezi 6 au 7. Akilazimishwa sasa atahusisha kuokota na maumivu. Muda huo utumie kwa kuitwa, kutembea ubavuni na kuzoea maji ya kina kifupi, tena yasiwe baridi. Aingie kwa miguu yake. Wa kutupwa majini huenda asiyapende tena.

SWALI: Rafiki ananishauri nimpeleke mbwa wangu wa miezi 7 kwenye uwanja wa shabaha akae pembeni, azoee milio.

JIBU: Usithubutu. Huko milio inatoka kila upande, hakuna ndege wa kumfidia hofu, na amefungwa kamba hawezi kuondoka. Mbwa wengi wanaoogopa bunduki wametengenezwa hivyo na watu, na wengine hawaponi.

Ndege watangulie, bunduki ifuate. Kwanza hakikisha anakimbilia kinachorushwa bila kuona kingine. Kisha msaidizi asimame mita 100 kutoka kwenu na bastola ya kuanzishia mbio. Arushe kifurushi, na mbwa akiwa katikati ya mbio, afyatue mara moja akiielekeza kwingine. Mtazame mbwa, bunduki iache. Akiendelea kama hakusikia, vizuri. Akisita, akishusha mkia, akilaza masikio au akirudi miguuni kwako, mmekaribia mno: pumzikeni siku kadhaa bila mlio wowote, kisha mrudi mbali zaidi ya mlipoanzia.

Milio 2 au 3 kwa zoezi inatosha, na umbali upungue kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mkibadilisha kwenda bunduki ya marisau, rudini tena mita 100, maana mlio wake ni mzito zaidi. Geji 20, yenye mtutu mwembamba zaidi, itangulie geji 12. Hata akishazoea kabisa, usifyatue juu ya kichwa chake. Masikio yake yanaharibika kama yako.

SWALI: Kwa nini mbwa anapita karibu kabisa na kifurushi cha rangi ya machungwa bila kukiona?

JIBU: Macho ya mbwa hutofautisha bluu na njano, machungwa kwenye majani mabichi humpotea. Cheupe mrushie unapotaka akifuate kwa macho. Cha machungwa kifiche kwenye majani marefu unapotaka atumie pua: wewe unakiona, yeye lazima anuse.

SWALI: Kifurushi analeta vizuri, ila njiwa wa kwanza alimnusa akamwacha.

JIBU: Manyoya ya njiwa hubanduka upesi na kunata ulimini. Funga mabawa mawili makavu kwenye kifurushi chake cha kawaida kwa mipira ya kufungia. Akishakileta bila kusita, chukua njiwa aliyekufa na kupoa, asiyeraruka wala kuwa na damu, mbane mabawa kwa mpira, kisha mtumbukize ndani ya soksi ndefu nyembamba ya kike. Harufu inapita, manyoya hayang'oki. Baadaye mvue soksi.

Ndege aliyejeruhiwa na bado yu hai asiwe wa kwanza. Anapigapiga mabawa, anaparura, na mbwa anajifunza kubana kwa nguvu. Kila ndege anayeletwa mpapase mbavu kwa kidole gumba na cha shahada: zikiwa zimepondeka pande zote mbili, shuku kwamba mbwa anabana mno kwa taya. Lakini ndege mmoja si ushahidi, huenda alivunjika alipoanguka. Kagua watano au sita kabla ya kumhukumu mbwa.