Maswali na Majibu: Kala Nyeupe na Kala za Rangi

Nilipanda viazi sita (mashina mafupi ya chini ya ardhi) vya maua ya kala za zambarau na waridi. Jirani ana kala nyeupe kando ya mtaro, zinakaa kwenye tope mwaka mzima na zinachanua vizuri, nami nikawa namwagilia zangu asubuhi na jioni. Nne zimelala chini. Nilipozivuta, viazi vilikuwa vimelainika na vinanuka. Je, kuna dawa?

Dawa ya kuviponya viazi hivyo hakuna. Huo ni uozo laini, unaletwa na bakteria, na kiazi kikishalainika hakirudi. Ving'oe pamoja na udongo unaovizunguka na uvitupe mbali na bustani. Usivitie kwenye shimo la mboji. Viwili vilivyobaki vichimbue uvikague: vikiwa vigumu na havina madoa ya majimaji, vianike kivulini siku mbili au tatu, kisha uvipande mahali pengine.

Chanzo ni kwamba kala yako na ya jirani ni mimea tofauti, ingawa maua yanafanana. Kala nyeupe, *Zantedeschia aethiopica*, asili yake ni kingo za vijito na mabonde yenye maji kusini mwa Afrika. Huvumilia tope, na unaweza hata kuiotesha bwawani ikiwa kina cha maji hakizidi sentimita 30. Kala za njano, waridi, chungwa na zambarau ni chotara wa jamaa zake wengine, ambao kwao mvua ina msimu wake na ukame una wake. Hizi huota kutoka kiazi cha mviringo kilichobonyea, na kiazi hicho kikikaa kwenye maji hukosa hewa. Bakteria hupenya kupitia jeraha dogo tu, na joto likizidi udongo ukiwa umelowa, kazi huisha kwa siku chache.

Ukipanda tena, chagua kiazi kigumu na ukitazame vizuri: upande wenye macho, yaani vile vichomozo vidogo, ndio unaoelekea juu. Kifukie kina cha sentimita 7 hadi 10 na uache sentimita 30 kati ya kiazi na kiazi. Udongo uwe tifutifu wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6 hadi 6.5. Kama wako ni mfinyanzi, inua tuta la sentimita 20 na uchanganye mboji iliyoiva pamoja na mchanga mnene. Kwenye chungu tumia sehemu mbili za udongo, moja ya mboji na moja ya mchanga, na hakikisha matundu ya chini yako wazi. Mwagilia kidogo mara moja baada ya kupanda, kisha subiri chipukizi. Kabla ya hapo kiazi hakina mizizi ya kunywa maji unayokipa. Majani yakishatoka, ingiza kidole kwenye udongo: sentimita 3 za juu zikiwa kavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Mwagilia shinani, si juu ya majani.

Kala zangu zina majani makubwa ya kupendeza, lakini mwaka wa pili huu sioni ua. Ninaziwekea samadi ya kuku kila mwezi.

Punguza samadi hiyo. Ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hujenga majani. Acha kabisa kwa msimu huu, halafu tumia mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kama ile inayouzwa kwa ajili ya nyanya, nusu ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki ya tatu tangu majani yafunguke hadi maua ya kwanza yaonekane.

Angalia pia mwanga. Kala inataka jua la asubuhi kwa muda wa saa nne hadi sita. Mahali penye joto kali, kivuli cha mchana huisaidia. Chini ya mti mnene itatoa majani tu. Sababu ya tatu ni msongamano: kala nyeupe iliyokaa miaka mingi bila kugawanywa hujibana na kuchanua kwa uchache. Ichimbue baada ya maua, igawe kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, kila kipande kiwe na jicho lake, na uache jeraha likauke kabla ya kupanda.

Baada ya maua kuisha, majani ya kala yangu ya njano yameanza kukauka yote. Nimeongeza maji lakini hali inazidi kuwa mbaya. Inakufa?

Haifi, inaingia usingizini, na hayo maji ya ziada ndiyo yanayoweza kuiua. Kala za rangi lazima zipumzike. Punguza maji kidogo kidogo, na usikate majani yangali kijani, kwa sababu ndiyo yanayojaza chakula kwenye kiazi kwa ajili ya maua ya msimu ujao. Yakikauka kabisa yataachia yenyewe.

Kama ipo kwenye chungu, kiweke mahali pakavu pasiponyeshewa. Kama ipo ardhini na mvua kubwa au barafu inakuja, chimbua, pangusa udongo bila kuosha, anika kivulini siku tatu, kisha hifadhi ndani ya maranda makavu kwenye nyuzijoto 10 hadi 15. Usitumie mfuko wa plastiki. Ipe wiki nane hadi kumi kabla ya kuipanda tena, na kwa kawaida maua huja siku 60 hadi 90 baada ya kupanda. Kala nyeupe ikipata maji haina haja ya usingizi huu.

Maua meupe yanageuka kijani. Ni ugonjwa?

Hapana. Kile kikombe cheupe kwa kweli ni jani lililobadilika umbo. Maua yenyewe ni madogo sana na yamejaa kwenye kidole cha njano cha katikati. Ua likizeeka na mbegu kuanza kujengeka, kikombe hurudi kijani. Kama huhitaji mbegu, likate kikonyo hadi chini.

Michirizi ya njano kwenye majani pamoja na maua yaliyopinda ni jambo jingine: hapo shuku virusi, ng'oa mmea mzima, na udhibiti vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) kwenye mimea iliyobaki kwa maji ya sabuni laini.

Ni kweli kala ina sumu? Nina mtoto anayetambaa.

Ni kweli, kuanzia jani hadi kiazi. Kala ni wa ukoo mmoja na magimbi, na ina fuwele zilezile za oksalati ya kalsiamu zinazochoma mdomo na kuvimbisha ulimi. Mtoto akitafuna, mtoe vipande mdomoni, msuuze kwa maji, na umpeleke hospitali. Akipumua au kumeza kwa shida, hiyo ni dharura. Wanyama wa nyumbani hudhurika vilevile. Vaa glavu unapogawa viazi, na kwa umri wa mtoto wako tunashauri uiweke nje ya uzio hadi akue.