Robin Hobb: meli zisubiri kidogo

Dada wa Mikindani, umeuliza kama uanze kumsoma Robin Hobb, mwandishi wa riwaya za njozi, na Ship of Magic kwa kuwa ndicho kitabu ulichokipata. Najua, sisi watu wa pwani tukisikia meli zinazoamka na kusema, hatujiwezi. Lakini kiweke kwanza. Tafuta Assassin's Apprentice cha 1995 umjue Fitz, mtoto wa nje ya ndoa wa mrithi wa ufalme. Maliza vitabu vitatu vya kwanza vya Fitz, ndipo upande meli, yaani Ship of Magic na viwili vinavyokifuata. Ukiziruka ukaenda Fool's Errand, kinachorudi kwa Fitz, utajinyima raha ya siri kubwa. Vitabu vyake vinne vya majoka ni vyepesi zaidi, ila visome kabla ya vitatu vya mwisho vya Fitz, vilivyoanza kutoka 2014. Hivyo vitakuliza, dada yangu. Mimi viliniliza.