Mwanafunzi anasema "sina tatizo", rialiti therapi naitumiaje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimepewa kitengo cha ushauri nasaha. Kwenye mafunzo tulifundishwa rialiti therapi, kwamba mtu anachagua tabia zake na inabidi awajibike nazo. Nina kijana wa kidato cha tatu, mtoro, anabeti, hela ya nauli na ya kula yote inaishia kwenye mikeka. Nimeshamwambia sana kwamba haya ni maamuzi yako, ananijibu "mimi sina tatizo Madam". Hivi hii njia inafanya kazi kwa watoto wetu au ni ya Wazungu tu? Na mwenye sonona naye tumwambie amechagua?

JIBU: Pole na majukumu mwalimu, na asante kwa kutomkatia tamaa huyo kijana, maana wengine huyu wangeshamfukuza zamani.

Naanza na hiyo sentensi yako "haya ni maamuzi yako" kwa sababu naona hapo ndo pamekwama. Wewe unamaanisha vizuri kabisa ila yeye anachosikia ni "umejitakia", na mtu akishaambiwa amejitakia anachobakiza ni kujitetea, ndo hiyo "sina tatizo". William Glasser, yule daktari wa akili wa Marekani aliyeianzisha hii njia, hakutaka mshauri ampime mteja, alitaka mteja ajipime mwenyewe. Ukimpima wewe umeshamnyang'anya ule uwajibikaji unaotaka awe nao.

Kuhusu kwamba ni ya Wazungu, angalia ilikotokea. Kuanzia 1956 Glasser alifanya kazi Ventura, California, kwenye shule ya serikali ya wasichana waliokinzana na sheria, yaani watoto ambao hawakuja kwa hiari yao na walishachoka kuambiwa ni wakorofi, na kitabu chake cha njia hii kikatoka 1965. Pale sheria zilikuwepo na ukivunja kuna matokeo, lakini kwanza ulijengwa ukaribu, mtoto ajue huyu mtu mzima yuko upande wangu, halafu mambo ya "kwa nini ulifanya" yakawekwa pembeni maana kwa nini inazaa visingizio tu. Kwa hiyo kijana wako mtoro sio mteja wa pembeni wa hii njia, ni wale wale iliotengenezwa kwa ajili yao.

Sasa kabla hujamuuliza chochote kuhusu utoro jiulize kubeti kunampa nini. Glasser alisema binadamu anasukumwa na mahitaji matano, kuishi, kupendwa na kuwa na watu wake, kujiona anaweza na anaheshimika, uhuru, na raha. Kijana akishinda hata buku tano siku hiyo kijiweni yeye ndo mtu, anaitwa mchambuzi, anasikilizwa, wakati darasani pengine anasikia jina lake kwenye orodha ya waliofeli tu. Usipoliona hilo utakuwa unamwomba aache kitu pekee kinachompa heshima bila kumpa pa kuipata kwingine, hawezi, hata mimi na wewe tusingeweza.

Maongezi yenyewe yana hatua nne ambazo Robert Wubbolding, mshauri wa Marekani aliyeiendeleza njia ya Glasser, alizipanga vizuri: unataka nini, unafanya nini, je kinakusaidia, na plani. Nikupe mfano wa yanavyoweza kwenda.

"Achana na ninachotaka mimi, wewe mwaka huu unataka nini?"
"Simu nzuri."
"Sawa. Na nini kingine?"
"Sijui Madam... nataka mama asinione mzigo."

Hiyo simu usiibeze, ungeibeza hii ya mama usingeipata. Halafu mwulize Jumatatu alipotoka nyumbani alifanya nini, mwanzo mwisho, alipita wapi, alikuwa na nani, aliweka shilingi ngapi, mkeka ulipochanika alienda wapi. Unauliza kwa sauti ya kawaida tu kama unauliza mechi iliishaje. Akimaliza ndo unaweka swali lenyewe, "hiyo Jumatatu yako imekusogeza karibu na mama asikuone mzigo, au imekupeleka mbali?" Ukishauliza, NYAMAZA. Walimu wengi hapa tunaharibu, mtoto akikaa kimya kidogo tu tunajibu sisi kwa niaba yake na tunaongezea mahubiri juu. Muache akae na swali. Akisema "inanisaidia, juzi nilishinda" usibishane, mwombe mhesabu wote wawili kwenye karatasi alichoweka na alichopata mwezi huu, hesabu zitasema zenyewe.

Plani sasa. "Nitaacha kubeti" hiyo sio plani, ni ahadi ya kukufurahisha wewe. Plani iwe ndogo, ianze kesho, na imtegemee yeye sio watu wengine, mfano kesho nitapita njia ya sokoni badala ya ile ya kijiweni na nitakusalimia ofisini kabla ya kengele. Basi, hiyo tu. Akishindwa usimuulize sababu na usimwadhibu, muulize plani bado anaitaka, kama anaitaka mnaipunguza ukubwa mnaanza tena.

Kwenye sonona hapo uwe makini sana. Glasser alifananisha tabia na gari, matendo na mawazo ni magurudumu ya mbele, hisia na mwili ni ya nyuma, usukani unageuza ya mbele na ya nyuma yanafuata. Mtu hawezi kujiamrisha afurahi ila anaweza kuchagua kutoka nje dakika kumi, na hiyo ni kweli na inasaidia. Lakini Glasser alienda mbali zaidi, alipinga dawa za akili na hata namna madaktari wanavyoyaita magonjwa yenyewe, mpaka 2003 akatoa kitabu kizima kuhusu hilo, na mimi hapo simfuati. Sonona ni ugonjwa, hakuna aliyeuchagua. Mtoto akiwa halali usingizi, hali chakula, amejitenga na kila mtu, au ametamka chochote kuhusu kufa, hapo hakuna maswali manne, usimwache peke yake, mjulishe mzazi na afike hospitali siku hiyo hiyo.

Na ulizia nyumbani kukoje. Kama anabeti kwa sababu jioni hakuna chakula na yeye ndo mkubwa, kumwambia awajibike zaidi ni kumwonea, huyo anahitaji afisa ustawi wa jamii kwanza na maongezi yaendelee huku tumbo lina kitu.

La mwisho nakuomba kama mwenzangu, kama wewe huyo huyo ndo unayeandika majina ya watoro asubuhi, ongea na mkuu wa shule akutoe kwenye hiyo zamu, maana kijana hawezi kukueleza Jumatatu yake ilivyokwenda wakati anajua daftari la nidhamu liko kwenye droo yako.