Trauti wa baridi Georgia: usifunge vifaa mpaka Aprili

Mkuu, nimekusoma. Umehamia Clarkston, hapa jirani na Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, mwezi wa tisa, jirani amekupa fimbo ya kuvulia namba 5, ile ya nzi bandia (ndoano iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu), na unauliza kama Desemba na Januari kuna trauti, yule samaki wa maji baridi, wa kuvua huku kusini, na ununue nzi gani. Mdau wa hapo juu amekwambia funga vifaa mpaka Aprili. Kwa heshima zote namkatalia. Nina mwaka wa tisa hapa Atlanta, nafanya kazi ya usiku ghalani, mapumziko yangu huangukia Jumanne, na trauti wangu wengi nimewapata kati ya Desemba na Februari. Mto unakuwa mtupu kabisa. Wenye mto wao wako ndani na hita zao.

Swali la nzi liweke kando kidogo. Cha kwanza kujua ni maji yanatoka wapi.

Mto wako wewe ni Chattahoochee, si zaidi ya nusu saa kwa gari ukianzia hapo Clarkston kama foleni haijakukamata. Juu yake kuna Bwawa la Buford, lililokamilika 1956, ambalo ndilo lililotengeneza Ziwa Lanier. Maji yanayotoka pale hayachotwi juu ya ziwa, yanachotwa kina kirefu. Kwa hiyo Julai, watu wakitoka jasho hadi kwenye kope, chini ya bwawa maji ni ya friji. Na Januari, hewa ikishuka chini ya sifuri, maji yaleyale yako kwenye nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na mto unafuka moshi kama sufuria ya chai alfajiri. Trauti ni kiumbe wa damu baridi: mwili wake una joto la maji aliyomo. Kwenye nyuzi 10 anakula kama kawaida. Sasa panda kaskazini kwenye vijito vya milimani visivyo na bwawa, kule maji yanaweza kuwa nyuzi 3 au 4. Huko trauti analala chini ya kidimbwi kama mgeni aliyenyimwa blanketi, na chakula kisipompitia puani hainuki. Nadhani mdau aliyesema Aprili alivua kule. Hakudanganya, ila alikuwa kwenye mto mwingine.

Lakini bwawa hilohilo linalokupa samaki ndilo linaloweza kukuua, na hapa naomba usome polepole. Bwawa linazalisha umeme. Mitambo ikiwashwa, mto unaopita magotini unageuka mto wa kukuchukua, na si kwa saa nzima, ni kwa dakika. Karibu na bwawa kuna king'ora. Ukikisikia, huongezi kutupa mara moja ya mwisho, unatoka. Kutoka bwawani mpaka daraja la barabara ya 20, jaketi la kujiokolea ni lazima kisheria, na lazima uwe umelivaa, si umelifunga kwenye begi. Ukishuka chini zaidi king'ora hukisikii, na maji yaliyoachiwa asubuhi yanakufikia saa kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau. Bwawa liko chini ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, na ratiba ya kuachia maji inatangazwa kila siku. Mimi huiangalia usiku kabla ya kulala, na tena asubuhi, kwa sababu hubadilika.

Mwaka wangu wa pili sikuiangalia tena asubuhi. Nilikuwa Jones Bridge, kwenye mto huohuo chini ya bwawa, nimesimama kwenye mwamba katikati ya mto, samaki wanauma, nina furaha. Nikaona jani linapita kwa kasi ambayo majani hayakuwa nayo nusu saa iliyopita. Kisha jiwe nililokuwa nimeliwekea alama kwa macho halipo. Nikaanza kurudi, nikateleza, nikaingia mzima. Kilichoniokoa ni mkanda wa kiunoni juu ya ile suruali ya mpira inayofika kifuani: ukiufunga sawasawa, maji hayakimbilii miguuni kukujaza kama gunia. Kilichonitesa ni suruali ya jinzi na fulana ya pamba nilizovaa ndani. Pamba ikilowa ni barafu ya kuvaa. Nilikaa kwenye gari na hita ya mwisho karibu saa nzima, vidole haviwezi kushika hata funguo. Tangu siku ile navaa sufu au zile nguo za kitambaa cha plastiki kinachokauka upesi, na kwenye buti la gari kuna mfuko wenye nguo kavu kuanzia soksi mpaka kofia. Soksi usibane. Soksi tatu ndani ya kiatu kilichobana zinakata damu, na miguu inapoa kuliko ukivaa moja nzito.

Kwa mtu anayeanza, wala nisingekupeleka karibu na bwawa. Nenda chini, kipande cha kutoka Sope Creek mpaka barabara ya 41, chini ya bwawa dogo la Morgan Falls. Shukia Cochran Shoals, Powers Island au Paces Mill. Kipande kile kiangazi kinapata moto mno kwa trauti, ndiyo maana jimbo limekiwekea utaratibu wake: wanamwaga trauti wa kufugwa wakati wa baridi, na kuanzia 1 Novemba mpaka 14 Mei kila trauti unayempata unamrudisha, na unatumia chambo bandia tu, kila kimoja na ndoano moja. Baada ya 14 Mei unaruhusiwa kuchukua, maana joto lingewaua tu. Kwa hiyo Desemba pale kuna samaki wengi, na wengine hawajajua ujanja bado. Leseni unazohitaji ni mbili, ya uvuvi na ya trauti, zote unanunua mtandaoni kwa dakika tano. Askari wa wanyamapori hupita. Mimi nimekaguliwa mara tatu, tena kwa adabu.

Muda. Usijitese kuamka saa kumi alfajiri kama tunakwenda kuvua sato kwetu Mwanza. Majira haya mto unaamka saa tano asubuhi na kulala saa tisa alasiri. Nikitoka kazini nalala masaa matatu, nakunywa uji, na bado nawahi.

Haya, nzi. Unakumbuka wale wadudu wa Ziwa Victoria wanaonyanyuka majini kama moshi wa kijiji kinachoungua, mpaka wanaingia kwenye chai? Ndugu zao wapo hapa, wadogo zaidi, na wakati wa baridi hao ndio ugali wa trauti. Kwa hiyo nzi wako wa kwanza ni mdogo kuliko unavyofikiri: ndoano namba 18 au 20 (namba ikipanda, ndoano inapungua), mweusi, mwenye uzi wa fedha uliozungushwa mwilini na shanga ndogo kichwani. Dukani mwambie muuzaji Zebra Midge. Wa pili ni Pheasant Tail namba 16, wa rangi ya kahawia, anayeiga mtoto wa mdudu mwingine ambaye akikua mabawa yake husimama mgongoni kama tanga la ngalawa. Huyo hutoka siku mbayambaya, mawingu na manyunyu, siku ambazo mkeo atakuuliza kama una akili timamu. Nenda siku hizo. Jua kali la Januari ni zuri kwa picha tu. Ongeza Woolly Bugger mmoja, nzi mkubwa wa manyoya, wa rangi ya zeituni wa kuvuta polepole, na nzi mmoja wa mfano wa yai. Umemaliza. Usimruhusu muuzaji akujazie sanduku.

Nzi hao wawili wa kwanza nawafunga pamoja, mkubwa juu, mdogo chini yake kama sentimita 40, uzi wa mwisho mwembamba wa 5X au 6X (hiyo ni namba ya wembamba wa uzi). Juu yao chubwi ndogo, na juu zaidi boya dogo. Hapa ndipo wanaoanza wanapotea: wanabadilisha nzi kila dakika kumi wakati tatizo ni kina. Trauti wa baridi hapandi kufuata chakula. Kama nzi wako anapita nusu mita juu ya kichwa chake, ni kama muuza maandazi anayepita barabara ya pili. Ongeza chubwi, sogeza boya juu, mpaka ndoano iguse chini mara mojamoja. Usipopoteza nzi hata mmoja siku nzima, ujue hukufika waliko. Na nzi aende kwa mwendo wa maji ya chini, ambayo ni ya polepole kuliko ya juu. Ukiona mshipi umepiga tumbo mbele ya boya na kuanza kulivuta, uinue na kuurudisha juu ya mto kwa ncha ya fimbo, taratibu. Kuuma kwenyewe hakuna kishindo. Sangara anakunyang'anya, trauti wa Januari anasitisha boya tu, kama limefikiria jambo. Likisita, inua.

Ukienda jirani na bwawa mwishoni mwa Novemba au Desemba usishtuke ukikuta maji yana rangi ya zeituni au chai nzito. Si sumu wala mvua. Kiangazi ziwa hukaa kwa tabaka, la chini likakosa hewa; baridi ikifika tabaka la juu linapoa, linazama, ziwa zima linajichanganya, na madini ya chuma na manganizi yaliyoyeyuka kule chini yanatoka na maji. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa pale siku nzima na nzi wadogo weusi, sikupata kitu, nikalaumu fimbo. Mzee mmoja kwenye maegesho akacheka, akanipa nzi wa mfano wa yai wa rangi ya machungwa, akasema katika maji hayo samaki anakula anachokiona.

Miezi hiyohiyo trauti wa kahawia huko juu wanataga. Ukiona duara la kokoto safi zenye weupe katikati ya kokoto chafu, hicho ni kiota. Usikanyage, na usimvue samaki aliyelala juu yake. Hao wa kahawia wanazaliana wenyewe mtoni, na mmoja wao, aliyepatikana 2014, ndiye rekodi ya jimbo: ratili 20 na aunsi 14. Vilevile asubuhi ya barafu usimtoe samaki majini kupiga picha ndefu, matamvua yake huganda upesi. Lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, mwache. Na barafu ikiziba pete za fimbo usiivunje kwa kucha, chovya fimbo mtoni.

Aliyeandika kuwa trauti ni samaki wa Wazungu na Mwafrika hana biashara naye, mwambieni afike Nyeri, Kenya. Trauti waliletwa kwenye mito ya Aberdare tangu 1905, na Kiganjo wanatotolesha mpaka leo.

Kuhusu kuwala: hapo Paces Mill hapana, mpaka 14 Mei ipite. Sehemu za juu unaruhusiwa wanane kwa siku, ila kati ya barabara ya 20 na Medlock Bridge ni chambo bandia tu, minyoo iache nyumbani. Mke wangu amewapika mara mbili, kaanga na nazi. Mara zote mbili alikula, akanyamaza, kisha akauliza kama duka la Wakongo bado lina sato.